Mdomo wa Kwanza

Joselyne aliiuliza mashine habari zake mwenyewe, na mashine ikamjibu neno moja ambalo hakuliandika.

Lilikuwa neno dogo. Tamu.

Mchana ulikuwa mweupe kabisa. Ofisi yao iko Remera, juu ya duka la viatu, na kutoka dirishani unasikia wenye moto, zile pikipiki za kubeba watu, wakigombania abiria. Kampuni ni ndogo. Inatunza kompyuta za shule. Kazi ya Joselyne ilikuwa kwenye dirisha jeusi la mashine, lile lisilo na picha wala kitu cha kubofya. Unaandika amri, linajibu. Ukimwita mwalimu kwa jina, linakuletea mwalimu huyo na sifa zake: jina, shule, simu, mwaka alioanza kazi. Bosi alitaka sifa nyingine ambayo waliotengeneza programu hawakuifikiria, yaani kila mwalimu aonekane pamoja na kompyuta aliyokabidhiwa. Kwa hiyo Joselyne alikuwa akibandika sifa mpya juu ya watu, kama fundi cherehani anavyobandika mfuko kwenye gauni lililokwisha kushonwa.

Alianza na jina lake. Hakuwahi kujaribu amri kwa mtu mwingine kabla ya kuijaribu kwake. Alikulia Bujumbura, na nyumbani kwao hata maji ya mgeni yalionjwa na mwenye nyumba kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni anywe kwa amani ajue hamna sumu. Kusogongera, wanaita. Aimable, aliyekaa naye meza moja, ni Mrundi mwenzake, na alimcheka kila siku.

"Dada Jose, wewe unasogongera hadi mashine!"

"Bora inidhuru mimi kuliko mwalimu wa watu."

"Siku moja itakudhuru kweli, sha."

Basi siku hiyo alijipa sifa aliyoiita Jaribio, akaiacha tupu. Alitaka tu kuona kama kikombe kinasimama kabla ya kukimiminia. Kisha akajiita. Likaja jina lake, ikaja simu yake, idara yake, na chini kabisa: Jaribio: tamu.

"Aimable, usinichezee kazini."

"Nimefanya nini tena?"

"Umegusa mashine yangu."

"Kwa mikono gani?" Aimable aliinua vidole vinavyong'aa mafuta ya sambusa. Alikuwa ameibakiza moja kwenye karatasi, upande wa Joselyne wa meza, kama alivyofanya kila mchana bila kusema.

Joselyne alicheka, akafunga dirisha jeusi. Sifa ya kubandika huishi ndani ya dirisha hilo tu. Ukilifunga inakufa nalo, isipokuwa umeiandika kwenye faili la kuanzia, lile linalosomwa kila dirisha linapofunguliwa. Yeye hakuwa ameandika chochote kwenye faili. Alifungua dirisha jipya, akajiita tena.

Jaribio: tamu.

Ndipo aliposikia harufu ya maziwa yaliyoungua. Pale ofisini hapakuwa na jiko. Harufu ilitoka kwenye chumba cha seva, na pamoja na mvumo wa feni ilikuja sauti nyingine, ya chini, ya koo la mtu anayekunywa kwa pupa bila kupumzika kuvuta pumzi.

Alifungua mlango wa chumba kile. Taa za kijani zilikuwa zinapepesa. Hapakuwa na mtu. Alipougeukia mlango kutoka, alijikuta ana kiu.

*

Alikunywa chupa ya ofisini, akanunua nyingine kituoni, na juu ya moto kwenda Ndera akamsihi dereva asimame kwenye duka la njiani. Maji yaliingia mdomoni, yakapita kooni, lakini hayakufika. Ilikuwa kama kumimina maji kwenye debe lililotoboka, na aliyekuwa chini ya tundu, amefungua kinywa, alikuwa akiyapokea yote.

Nyumbani walimngoja wawili. Mmoja ni Spès, mama mzazi wa mume wake. Mume, Bigirimana, anaendesha lori la kwenda Dar na huonekana mara chache. Wa pili ni Iteka, mtoto wake, ambaye hajatimiza mwaka na ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Joselyne aliketi, akampa ziwa. Iteka alivuta, akavuta tena, kisha akaachia na kumtazama mama yake kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba anayoijua akakuta ukuta.

"Yamekauka?" aliuliza Spès.

"Asubuhi yalikuwa yanajaa hadi kulowesha nguo."

"Umechoka tu, mama Iteka. Kazi ya mashine inanyonya mtu." Spès alipasha maziwa ya ng'ombe, akaonja kijiko cha kwanza kama ilivyo desturi, akambembeleza mtoto. Iteka aligeuza uso. Spès hakukasirika. Aliupangusa mdomo ule mdogo kwa pindo la kanga yake, akaanza upya, na alipoona Joselyne analia alimpa mkono mmoja aushike, huku mwingine ukiendelea na kijiko.

Kesho yake Joselyne alijiita tena kwenye dirisha jeusi.

Jaribio: maziwa.

Na chini yake palikuwa na mstari mwingine, sifa ambayo hakuna mkono ulioibandika.

Iteka: bado.

Hakuwahi kuliandika jina la mwanawe kwenye mashine ile. Alisukuma kiti nyuma, kikaanguka.

"Nini?" Aimable alisogea. Alisoma, na utani ukamtoka usoni. "Iteka si mtoto wako?"

"Ndiye."

"Ngoja. Ngoja, dada. Kilichobandikwa kinabanduliwa." Alivuta kibodi kwake, kwa kuwa Joselyne hakuweza tena kuandika. Aliandika amri ya kuondoa sifa. Mashine ikakubali bila ubishi. Alimwita Joselyne: jina, simu, idara, basi. Walitazamana. Aimable alianza kutabasamu, na tabasamu likiwa katikati, mistari miwili ikajiandika upya chini ya ile mingine, polepole, herufi kwa herufi, kama inavyoandika mashine inayoandikiwa na mtu, ilhali mikono ya wote wawili ilikuwa hewani na kibodi ilikuwa kimya, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa mezani hadi Aimable akaziba pua, na kutoka ndani ya kompyuta yenyewe, si kule chumbani tena, wakasikia lile koo likimeza, likimeza, halipumui, linameza tu.

Jaribio: bado nina kiu.

Iteka: kesho.

"Yezu wangu," Aimable alinong'ona. Akazima umeme wa meza nzima kwa mguu. "Chukua mkoba. Twende Biryogo."

*

Mzee Usumani anauza chai ya tangawizi barazani kwake, kwenye ule mtaa wa Biryogo ambao magari hayapiti na meza zimepangwa katikati ya njia. Walio na shida ya aina hii hukaa meza ya mwisho. Aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza, hata walipofika kwenye mambo ya dirisha jeusi.

"Sijui mashine," alisema. "Lakini naona kama chungu tu. Ulitengeneza kikombe kitupu, binti yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukakiacha wazi. Ukakiweka mdomoni kwako kabla ya watu wengine."

"Nilitaka isiwadhuru."

"Najua." Alimmiminia chai, akaisukuma mbele yake bila kuonja. Kwa mtu wa umri wake hilo ni tusi, na Joselyne aliliona. "Nisamehe. Siwezi kukuonjea. Huyu ni jini wa mdomo wa kwanza. Hana nyumba, hana mti, hana mto. Hukaa penye kitu kitupu akisubiri anayeonja kwa ajili ya mwenzake. Hawapati wabaya, maana mbaya humwonjesha mwingine. Huwapata kama ninyi."

"Anatokaje?" aliuliza Aimable.

"Anachokunywa mwenye naye ndicho anachokunywa yeye. Basi afunge. Funda moja la maji alfajiri, funda moja magharibi, alitie mwenyewe kwa mkono wake. Mtu mzima huvumilia. Jini huyu hajui kuvumilia, atakauka kabla yake. Mimi nitasoma dua hapa kila siku." Aliinua kidole. "Lakini mtu yeyote asimwonjee kitu. Hata uji, hata tone. Atakayeonja kwa ajili yake, jini atamhamia huyo papo hapo, kwa furaha, kama bwana harusi."

"Akimhamia mtoto?" aliuliza Joselyne.

Usumani alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Mtoto wa kunyonya hana siku za kufunga. Atamkausha kati ya adhana na adhana."

Joselyne aliitazama chai. Aimable alikivuta kikombe kile, na kwa ghafla akakipeleka mdomoni.

"Mimi sina mtoto," alisema haraka.

Usumani alimpiga mkono. Chai ikamwagika kwenye shati lake.

"Una mama?" aliuliza mzee kwa ukali.

"Ninaye."

"Basi nyamaza."

*

Joselyne aliomba ruhusa kazini, akasema mtoto anaumwa. Haukuwa uongo. Alimweleza Spès kila kitu, wakiwa jikoni, kwa sauti ya chini ili ukuta usisikie. Spès alisikiliza akichambua mchele, na alipomaliza kusikiliza alikuwa bado akichambua mchele ule ule.

"Nipe mimi," alisema.

"Hapana, mama."

"Nimezaa, nimezika, nimekimbia vita nikiwa na watoto mgongoni. Nimebakiza nini? Nipe kikombe nionje."

"Mama, hapana! Sitakufanyia hivyo. Afadhali nife."

"Usiseme kufa mbele ya mtoto." Spès aliweka ungo chini, akamshika shavu. "Mkaza mwana wangu ana moyo. Bigirimana alichagua vizuri."

Joselyne alifunga. Siku ya kwanza jini alicheka; walimsikia kwenye mtungi mtupu, kwenye bomba la uani, kwenye chupa ya mtoto iliyooshwa na kupinduliwa. Baadaye alikasirika, na nyumba nzima ikanuka maziwa yaliyoungua hadi majirani wakauliza nani ameacha sufuria jikoni. Midomo ya Joselyne ilipasuka. Ulimi ukawa mzito kama soli ya kiatu. Alilala na kitambaa kikavu kinywani ili asiufikie mtungi katika usingizi. Hakumbeba mwanawe tena, kwa kuwa Iteka akimwona alitafuta ziwa. Mtoto aliendelea kuyakataa maziwa ya ng'ombe, alimeza vijiko vichache kwa siku, na mikono yake iliyokuwa na vifundo vya unene ikaanza kunyooka.

Kutoka Remera, Aimable alimtumia ujumbe kila alipomwita kwenye dirisha jeusi.

Leo inasema: nakauka.

Leo inasema: nihurumie, Joselyne.

Dada, imebaki herufi chache tu. Usiache. Nimekuwekea sambusa, utakuja kula ukipona.

*

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtaa mzima wa Ndera ulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakikata nyasi na kuzibua mfereji wa barabara, na nyimbo zao zilifika hadi ndani. Spès alikwenda na jembe, nyumba isije ikaitwa ya wavivu. Joselyne alibaki na mtoto. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mbali na Iteka kiasi cha mkeka mmoja, akimtazama.

Alikuwa mwepesi asubuhi ile. Koo la jini lilikuwa kimya tangu alfajiri, na harufu ilikuwa imebaki kidogo sana, kama ya sufuria iliyosuguliwa. Alijua amekaribia. Alihesabu magharibi moja, labda mbili.

Iteka alishika ukuta, akasimama. Mezani, ile meza fupi, Spès alikuwa ameacha kikombe cha plastiki chenye maji ya mtoto. Iteka alikifikia. Alikishika kwa mikono miwili, akageuka, na kwa mara ya kwanza maishani akaachia ukuta.

Akatembea.

Joselyne alisahau kila kitu. Alifungua mikono. Mtoto alikuja akiyumba, maji yakimwagika kidoleni, miguu miembamba ikijaribu sakafu kabla ya kuikanyaga, uso wote ukiwa umekunjamana kwa kazi kubwa aliyokuwa nayo. Alifika. Alisimama kati ya magoti ya mama yake, akaitazama midomo ile iliyopasuka. Kisha akafanya alichomwona bibi yake akifanya kila siku kwa kila kijiko. Alikipeleka kikombe mdomoni kwake, akaonja, akafyonza midomo kuonyesha kwamba ni matamu, na akakigeuza kwa mama.

Ingetosha Joselyne afumbe kinywa. Alijua hivyo, alijua katika kila mshipa, na bado kikombe kilipogusa mdomo wake hakuweza kutofautisha kiu na upendo, na kinywa kikafunguka chenyewe, na maji yakaingia, na kwa mara ya kwanza tangu ule mchana mweupe wa Remera maji yalifika, yakashuka kifuani, yakafika tumboni, yakatulia humo baridi na ya kweli, na aliyamaliza yote kabla ya kusikia kwamba wimbo wa umuganda umekoma, na kwamba mtoto aliyesimama mbele yake hapumui vizuri, anameza, anameza hewa, macho yamemtoka, mikono inakikwangua kikombe kitupu.

Simu ikatetemeka sakafuni. Ni Aimable. Dada Jose, nimejaribu nikiwa nyumbani. Sifa haipo! Imetoka kabisa! Imana ishimwe, Mungu asifiwe!

Iteka alipiga yowe. Halikuwa yowe la njaa. Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka, Joselyne akiitazama, kama tope linavyokauka juani.

Mlango wa uani ukafunguka. Spès aliingia akiwa na jasho, nyasi zimemnasa kwenye kanga.

"Ana nini huyo? Analia nini?" Akamwona mtoto akikinyonya kikombe kitupu, akaangusha jembe kwa furaha. "Ana kiu! Joselyne, mtoto anataka kunywa mwenyewe! Asante Mungu, asante Bikira Maria, leo anataka kunywa!"

Alikimbilia mtungi kabla Joselyne hajasimama. Alichota. Alirudi, akapiga magoti mbele ya mjukuu wake, na, kama alivyofanya maisha yake yote kwa mgeni, kwa mgonjwa na kwa mtoto, akakiinua kikombe kuelekea mdomoni kwake kwanza.

Palikuwa na muda. Kikombe kilikuwa mbali na mdomo wa mama mkwe wake kwa kiasi cha kiganja. Neno lilikuwa moja tu, mama, na koo la Joselyne lilikuwa limelowa, lilikuwa na nguvu, lingeweza kulitoa. Alimtazama Spès, mkono ule uliomshika shavu. Alimtazama Iteka.

Akanyamaza.

Spès alionja. "Tamu," alimwambia mtoto, akampa.

Iteka alikunywa funda moja, mawili, akashusha pumzi ndefu. Akakisukuma kikombe, akaegemea goti la bibi yake, na macho yakaanza kulegea kwa usingizi. Mdomo wake ulikuwa na unyevu. Joselyne alimvuta kwake, akamkumbatia kifuani kwa nguvu, na kwenye nguo yake akahisi maziwa yanarudi, yanalowesha, ya moto.

"Umeona?" Spès alisema akicheka. "Alikuwa anangoja siku yake tu." Aliyamalizia maji yaliyobaki. Akatazama ndani ya kikombe. Akapitisha ulimi kwenye midomo yake, mara moja, kisha tena. "Jua la leo ni kali. Mwanangu, niongezee kidogo."

Joselyne aliinuka na mtoto begani, akaenda mtungini, akakijaza kikombe hadi ukingoni. Akakileta kwa mikono miwili, kwa adabu, kama inavyompasa mkaza mwana.

Hakuonja.